Mkanda wa feni ukilia, usiupake sabuni

Ukiwasha gari alfajiri likalia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, na ukiwasha taa kelele zikazidi, huenda mkanda wa feni unateleza.

Wangu niliupaka sabuni, kwa ushauri wa jirani. Ukanyamaza kweli. Lakini tulipokuwa tukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru usiku, watoto wamelala kiti cha nyuma, taa ya betri iliwaka, kisha mshale wa joto ukapanda. Kumbe mkanda huo huo ndio unaozungusha altaneta na, katika magari mengi, pampu ya maji. Tulikesha pale baridini.

Basi zima injini, toa ufunguo, ungoje ipoe. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizoachana zaidi. Ukibonyea kama sentimita 1, uko sawa. Ukizidi sana, umelegea. Utazame na upande wa ndani: ukiwa na nyufa, oili, au uking'aa kama kioo, nunua mwingine. Huo hata ukikazwa utateleza tu.

Kuukaza, legeza bolti za altaneta, isukume nje kwa mpini wa nyundo, kisha kaza bolti ukiwa bado umeishikilia. Usikaze kupita kiasi, utaua beringi za altaneta na pampu. Mkanda mpya hulegea kidogo, kwa hivyo upime tena baada ya siku chache.

Gari lenye kikazio cha springi mpelekee fundi.