Riba imeshuka, mbona Laare hawacheki?

Majuzi nilikuwa Laare, Igembe Kaskazini, huko Meru kunakotoka miraa tunayoiona kila jioni kwenye maskani zetu. Mkulima mmoja aliposikia natoka Mombasa alinikalisha chini. "Redio inasema Benki Kuu imeshusha riba tena," alisema. "Mbona mimi napata kidogo kuliko mwanzo wa 2024?"

Swali la haki. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6, na kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kamati ya Gavana Kamau Thugge ikapandisha riba ya msingi hadi asilimia 13 Februari 2024. Mwezi huo huo serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nje ili kupunguza deni la Eurobond lililokuwa likiiva Juni. Shilingi ikapata nguvu, bei zikatulia, na Agosti 2024 riba ikaanza kushuka. Agosti 2025 ilifika asilimia 9.5, na dola ilikuwa karibu shilingi 129.

Kwetu bandarini hiyo ni nafuu, maana anayeagiza mchele au nguo hununua dola kwa bei ndogo. Laare mambo ni kinyume. Tangu Uingereza ipige marufuku miraa 2014, soko kubwa la nje ni Somalia, na Mogadishu biashara huenda kwa dola. Mzigo wa dola 1,000 ulioleta shilingi 160,000 Januari 2024 ulileta 129,000 Agosti 2025. Sisemi dola ndiyo sababu pekee, kwani mvua ikizidi miraa hujaa sokoni na bei ikaanguka. Lakini shilingi 31,000 si pesa ya kusahau, na karo ya shule haikushuka pamoja na dola.

Tazama sasa upande wa akiba. Mwanzo wa 2024 hati za serikali za siku 91 zililipa zaidi ya asilimia 16. Ukitoa kodi ya asilimia 15 ya faida hiyo, kisha mfumuko wa bei, mwekezaji alibaki na zaidi ya asilimia 7. Agosti 2025 zililipa karibu asilimia 8, na ukipiga hesabu ile ile alibaki na mbili na kitu. Wakati huo huo, waliokuwa na pesa Februari 2024 wakanunua hati ya miundombinu ya miaka minane na nusu bado wanavuna zaidi ya asilimia 18, bila kodi.

Kwa hiyo riba iliyoshuka si habari njema kwa kila mtu. Mwenye mkopo wa benki anapumua, ingawa benki huchelewa kushusha. Mwenye akiba ndogo anapunguziwa faida, na mkulima asiye na mkopo wala hati haoni kitu.

Nilimwambia mzee yule, nanyi nawaambia: usiulize riba ni ngapi, uliza inabaki ngapi baada ya kodi na mfumuko wa bei. Na pesa za msimu mzuri zisingoje msimu mbaya zikiwa mfukoni. Hati hizo zinaanzia shilingi 50,000, na chama cha watu kumi kinaweza kuzifikisha. Kwa sisi tunaojiepusha na riba, tudai sukuk zaidi, kwani ile ya kwanza ya nyumba ilikuja 2023, na moja haitoshi.