Tusioshee Mabomba Mtoni

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita, badala ya kuwapa vibarua mapanga wafyeke chini ya mikarafuu, nilinunua dawa ya magugu. Kazi ilipokwisha walishuka mtoni wakaliosha bomba pale pale tunapochota maji. Nilikuwepo, wala sikusema neno. Siku ya tatu viluwiluwi walikuwa wakielea matumbo juu, na usiku mwanangu akaniuliza mbona vyura hawalii.

Wapo watakaocheka: chura naye ni kitu gani! Basi, chura hana magamba wala manyoya. Ngozi yake hunywa maji na kupitisha hewa, na mayai yake hayana ganda. Kilichomo majini humwingia yeye kwanza. Nasi wa Pemba twaijua nchi yetu: mikarafuu vilimani, mpunga mabondeni. Masika yakipiga, mbolea na dawa zote hushuka kwa jirani wa chini.

Mwaka 2005 mtaalamu wa Marekani, Rick Relyea wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alieleza jinsi alivyotia dawa yenye glaifoseti katika matangi ya viluwiluwi. Karibu wote walikufa. Imeonekana pia kuwa ile sabuni inayochanganywa ili dawa ishike majanini mara nyingi huwa na sumu kuliko dawa yenyewe. Mtu aweza kusema kwamba bwana yule aliimwaga majini makusudi, na mkulima hafanyi hivyo. Je, kuosha bomba mtoni ni nini?

Ati dawa ni nafuu kuliko vibarua. Ni kweli, na mimi niliinunua kwa sababu hiyo hiyo. Sisemi iachwe kabisa. Naiomba Kamati ituwekee kanuni: bomba lioshwe shambani, na maji yake yanyunyizwe juu ya majani yale yale yaliyokwisha tiwa dawa, hatua ishirini kando ya mto zisiguswe na dawa wala mbolea, na mtu asinyunyize mawingu yakiwa yametanda. Anayeona hatua ishirini ni nyingi na aje mkutanoni aseme, lakini aje pamoja na jirani yake wa bondeni.

Kwangu, kando ya mto sasa ni panga tu. Gharama yake nimeiandika. Atakaye hesabu na aniulize.

Mwanachama, Pemba