Tunaomba Mwalimu wa Fizikia

Sisi wazazi wenye watoto katika shule za sekondari za kata tuna malalamiko, na leo tunayatoa kwa pamoja. Kila mmoja wetu amekwisha kuyatoa peke yake, kwenye kikao cha wazazi au mbele ya mtendaji wa kata, na yote yameishia kwenye muhtasari.

Mtoto akishafanya upimaji wa kidato cha pili, anaambiwa achague masomo. Kwa mtaala ambao madarasa ya juu bado yanaumalizia, Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia, Uraia na Baiolojia ni lazima. Fizikia na Kemia ni hiari. Masomo ya biashara, kompyuta, kilimo, chakula na lishe, muziki, Kifaransa na Kiarabu nayo ni hiari. Ukiisoma orodha hiyo utadhani watoto wetu wana bahati. Ukifika shuleni unakuta mikondo miwili: wenye alama nzuri wanaingia sayansi, waliobaki wote wanaingia sanaa. Na mwalimu wa fizikia akihamishwa mwezi wa tatu bila mwingine kuletwa, hata huo mkondo wa sayansi unabaki jina. Hatumlaumu mkuu wa shule. Anagawa alichonacho.

Tunacholalamikia ni kwamba uchaguzi huu wa masomo unafunga milango, na hakuna anayetuambia ni ipi. Mtoto ana miaka kumi na minne au kumi na mitano. Anaiacha Kemia au Fizikia kwa sababu hakuna wa kumfundisha, au, akiwa binti, kwa sababu ameambiwa na wenzake kwamba Fizikia ni ya wavulana. Nyumbani tunaona anaendelea na shule, tunaridhika. Miaka miwili baadaye anataka kwenda chuo cha uuguzi au cha utabibu. Anakuta sharti la ufaulu katika Kemia, Baiolojia na Fizikia. Baiolojia anayo, tena nzuri. Hizo nyingine mbili hakuendelea nazo baada ya kidato cha pili. Anaambiwa arudi akafanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo mzazi atafute ada ya mtihani, pesa ya masomo ya ziada, na kituo chenye maabara cha kufanyia mtihani wa vitendo. Wangapi kati yetu wanaweza?

Wengine wamepata maumivu ya namna nyingine. Cheti kinaonyesha mtoto amefaulu masomo manne, mzazi anafurahi, anakwenda naye chuoni. Huko wanasoma sharti: masomo manne yasiyo ya dini. La dini linaondolewa, yanabaki matatu, safari inaishia hapo. Sisi ni Waislamu na Wakristo, na tunataka watoto wetu wasome dini zao. Tunachotaka ni kuambiwa mapema kwamba somo hilo halitahesabiwa huko mbele, ili mtoto aongeze jingine.

Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi za kidato cha tano, yaani michanganyiko ya masomo, kufikia 65, nyingi zikiwa mpya, zikiwamo za michezo, muziki, sanaa na lugha za kigeni. Tulipokea habari hiyo kwa furaha. Lakini mtoto atajazaje tahasusi yenye muziki kwenye fomu ya kidato cha nne, ikiwa miaka minne hajawahi kuwa na mwalimu wa muziki? Aliyeikosa Kemia kidato cha tatu, tahasusi za PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) si zake tena. Ufadhili wa masomo wa Samia, unaotolewa kwa wanaofanya vizuri zaidi sayansi kidato cha sita, anausikia redioni tu. Mashindano ya kuupata yalimpita kabla hajajua kwamba yapo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shule zimetusogelea tangu mpango wa maendeleo ya sekondari wa 2004, na tangu 2016 watoto wanasoma hadi kidato cha nne bila ada. Kuna watoto wetu ambao bila hatua hizo wangeishia darasa la saba. Lakini na sisi tumetoa. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, tulichangishwa kaya kwa kaya. Tulisomba mawe na mchanga, kuna waliouza kuku na mbuzi ili wapate mchango. Majengo yakasimama. Leo kuna maabara ambamo yanawekwa madawati mabovu, maji hayajafika, gesi haijafika, na wanafunzi wanashika bureti kwa mara ya kwanza mtihani ukiwa mlangoni. Mwalimu wa kujitolea wa hisabati, kijana aliyemaliza chuo na hajaajiriwa, tunamlipa sisi baada ya mavuno. Mavuno yakiwa mabaya, anaondoka, na hatuna uso wa kumzuia.

Tena tuna uchungu na somo la kilimo. Wengi wetu ni wakulima. Wazee wanakumbuka sekondari za miaka ya sabini zilizokuwa na michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Leo shule imezungukwa na mashamba, lakini kilimo hakimo kwenye ratiba, na jembe mwanafunzi analishika akiwa kwenye adhabu. Tumesikia mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na vitendo, ulioanza Januari 2024 kwa shule chache utalirekebisha hilo. Tunauombea heri. Hofu yetu ni kuchangishwa tena kwa ajili ya karakana, kisha ikose fundi wa kufundisha, kama maabara zilivyokosa walimu.

Kwa hiyo tunaomba mambo yanayowezekana. Kwanza, kabla watoto hawajachagua, shule ibandike ubaoni, na nakala iwe kwa mtendaji wa kata, orodha ya masomo yenye mwalimu na yasiyo na mwalimu. Pili, wazazi tuitwe mapema, tuelezwe kwa Kiswahili chepesi kila mchepuo unampeleka mtoto chuo gani na unamfungia kipi. Tatu, shule mbili zinazopakana zigawane mwalimu mmoja wa fizikia, siku mbili huku, siku tatu kule, na halmashauri imlipe nauli. Nne, mwalimu wa sayansi asihamishwe katikati ya mwaka kabla wa kuchukua nafasi yake hajaripoti. Tano, vijana wanaojitolea wapewe kipaumbele ajira zinapotoka, kwa sababu wao wameshaonyesha kwamba vijijini wanakaa.

Mtoto aliyeikataa Fizikia kwa moyo wake, akapenda Historia, tutamuunga mkono, nchi inahitaji wanahistoria. Aliyeikosa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kusimama ubaoni, huyo ameonewa, na uonevu huo anatembea nao maisha yake yote. Michango tumetoa, mawe tumebeba, watoto tunawaamsha alfajiri wanakwenda. Kuleta mwalimu ni kazi ya serikali, na tutaendelea kuidai katika kila kikao mpaka aripoti.