Leza na Elektrolisisi Si Mahasimu

Mwanamke anayesumbuliwa na ndevu aghalabu hutakiwa achague kati ya leza na elektrolisisi. Uchaguzi huo hauna msingi, kwa kuwa njia moja hukamilisha kazi inayoishinda nyingine.

Mwanga wa leza hufuata melanini, yaani rangi iliyomo ndani ya unywele, na joto lake huunguza mzizi. Kwa hiyo hupunguza upesi nywele nyingi nyeusi, lakini haufui dafu mbele ya mvi. Ngozi nyeusi nayo ina melanini tele. Mashine isiyoifaa huweza kuiunguza na kuiachia mabaka. Leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ndiyo salama zaidi kwake.

Elektrolisisi, ambayo Dkt. Charles Michel wa Marekani aliieleza mwaka 1875 kwa ajili ya kope zinazochoma jicho, haibagui rangi. Sindano nyembamba hupitisha umeme katika kinyweleo kimoja kimoja. Ni kazi ya taratibu na yenye maumivu, na ikifanywa na asiye na ujuzi huacha makovu.

Busara, basi, ni kuanza na leza, kisha kuondoa masalia kwa sindano. Anayeuza leza peke yake kwa ahadi ya kumaliza nywele milele humdanganya mteja.

Hata hivyo, ndevu zinazoota kwa kasi zichunguzwe kwanza na daktari: huenda ni dalili ya hitilafu ya homoni, ambayo haitibiwi kwa leza wala sindano.