Kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: barua kutoka Mofu



 

Ndugu msomaji, juma hili nimeiweka kando mada ya malezi tuliyokuwa nayo, kwa sababu ya barua iliyonifikia kutoka Mofu, katika bonde la Kilombero. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mkulima wa mpunga, mwenye umri wa miaka 41. Ana kilo 112 kwa urefu wa mita 1.58. Ana kisukari na shinikizo la damu, na huu ni mwaka wa pili magoti yake hayamruhusu kusujudu; anaswali ameketi kwenye kiti. Mumewe aliuza magunia ya mpunga, wakasafiri hadi Dar es Salaam, wakaonana na wataalamu. Aliambiwa kuwa anafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Alitaraji kupewa kitanda. Badala yake alirudi Mofu na karatasi mbili za masharti: vipimo, miadi ya mtaalamu wa lishe na ya mshauri wa saikolojia, kilo za kupunguza kabla ya kisu, na majuma mawili ya kunywa tu bila kutafuna. “Kama ningeweza kupunguza uzito mwenyewe,” ameandika, “ningekwenda kutafuta nini huko?” Anauliza kama masharti hayo ni ya lazima, au ni namna ya kumchosha mnyonge aliyetoka mbali. Hospitali hakuitaja, nami sikumuuliza.

Dada yangu, swali lako ni la haki, na si wewe peke yako unayeliuliza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa kuzaa nchini walikuwa na uzito uliozidi. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kupitia Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma ya puto la tumboni na ya upasuaji huu katika miaka hii ya 2020, kwa hiyo jambo lililokuwa la wenye uwezo wa kwenda India sasa linazungumzwa hadi vijijini.

Kwanza tuondoe shaka ya kisheria, maana najua jirani atakwambia kuwa unabadilisha maumbile ya Allah. Wanazuoni wa zama hizi waliolizungumzia suala hili wametofautisha baina ya mtu anayetaka kiuno chembamba ili apendeze, na mgonjwa ambaye unene umemletea maradhi na madaktari waaminifu wamethibitisha kuwa faida ya tiba inazidi hatari yake. Wewe uko upande wa pili. Uwiano wa uzito na urefu wako, ambao wauguzi huuita BMI, unakaribia 45. Tangu mwaka 1991 kipimo kilichotumiwa na madaktari wengi duniani kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huo vilikishusha hadi 35 hata bila maradhi. Kwa hesabu yoyote ile, hukwenda kutafuta urembo.

Sasa tuje kwenye masharti. Upasuaji unaofanyika zaidi ni ule wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, kiasi cha robo tatu au zaidi, ukabaki mrija mwembamba mfano wa mkono wa kanzu. Mfuko huo umekaa chini ya ini. Kwa mtu mwenye unene wa miaka mingi, ini nalo huwa limejaa mafuta, limevimba na kulainika. Daktari anayeingiza vifaa kupitia matundu madogo hana budi kuliinua ini ili aufikie mfuko. Likiwa kubwa mno, hulifunika eneo la kazi, au huchanika na kutoa damu. Hapo hulazimika kupasua tumbo kwa upana, au kusitisha kazi na kukufunga kama ulivyoingia. Yale majuma mawili ya vinywaji vyenye protini na wanga kidogo huyamaliza maji na sukari vilivyohifadhiwa kwenye ini, likasinyaa. Kwa hiyo, dada yangu, hukuambiwa upungue ili usihitaji tena upasuaji. Umeambiwa ulipunguze ini ili upasuaji uwezekane.

Wengi hulikosea jambo hili kwa kufanya kinyume chake. Mtu akishajua tarehe, hula kwa kuaga: leo pilau, kesho biriani, keshokutwa vitumbua, kwa hoja kwamba hatavionja tena. Huko ni kulilisha ini lile lile linalotakiwa kusinyaa. Israfu ya kula na kunywa imekatazwa katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, na sijapata kusikia kuwa mgonjwa anayesubiri kisu amepewa ruhusa ya kuifanya.

Lakini nakubali kuwa karatasi ile iliandikwa na mtu asiyeijua Mofu. Huko wali ndio chakula, ndiyo heshima ya mgeni, ndiyo mahari ya maneno mazuri baina ya mama mkwe na mkaza mwana. Familia inakula kwenye sinia moja. Mwanamke anayepika, akapakua, kisha akaketi pembeni na kikombe chake, ataulizwa siku ya kwanza kama anaumwa, siku ya pili kama amenuna, na siku ya tatu kutakuwa na kikao. Ndiyo maana nasema masharti haya hayawezi kutekelezwa na mgonjwa peke yake. Mumeo, uliyesema kuwa ameridhia, kuuza magunia ni nusu tu ya wajibu wake. Nusu ya pili ni kutangaza nyumbani, kwa kinywa chake, kwamba kwa majuma hayo mawili binti mkubwa au wifi ndiye atakayeshika jiko, na kwamba asikuwepo mtu wa kukusukumia tonge “moja tu”.

Na vinywaji hivyo havihitaji maziwa ya kopo ya bei kubwa. Bonde lenu lina wafugaji. Maziwa yaliyochemshwa, yakapoa, yakaenguliwa malai yote, ndiyo msingi. Mtindi wa maziwa hayo bila sukari unafaa. Supu ya samaki, perege au kambale, iliyochujwa na kuenguliwa mafuta inafaa pia. Uji uliotiwa sukari haufai, wala juisi ya miwa, wala soda, ingawa vyote hivyo vinanyweka. Mpelekee mtaalamu wa lishe orodha ya vitu unavyovipata Mofu, umwombe akupangie vipimo kwa kikombe na kijiko, si kwa gramu. Hilo ni ombi la kawaida, wala usilionee haya.

Jambo linalonitia hofu zaidi katika barua yako umelitaja kwa kupita tu. Umesema majuma hayo mawili si tabu kwako kwa kuwa umezoea kufunga Jumatatu na Alhamisi, na kwamba utaunganisha. Usiunganishe. Mtu anayetumia vidonge vya glibenclamide au sindano ya insulini hushuka sukari hata kama hajala kitu, kwa sababu dawa haijui kuwa sahani ni tupu. Ukipunguza wanga ghafla huku dozi ikibaki ile ile, kisha ukaongeza na saumu ya sunna, unaweza kuanguka shambani ukiwa peke yako. Kabla ya siku ya kwanza ya vinywaji, daktari anatakiwa akuandikie upya dozi ya kisukari na ya presha. Usizibadilishe mwenyewe, wala usizibakize kama zilivyo. Saumu ya sunna itakungoja.

Vile vile mtajie kila unachokunywa, pamoja na dawa za miti shamba, hata kama aliyekupa ni shangazi yako na dawa ni ya siri. Miongoni mwazo zimo zinazozuia damu kuganda, na zimo zinazoshusha sukari. Daktari wa usingizi asiyejua atapata mshtuko katikati ya kazi. Mwambie pia kama unakoroma sana na pumzi hukatika usingizini. Huenda mumeo ndiye shahidi bora wa jambo hilo. Ni maradhi yanayowapata sana wenye uzito mkubwa, na ni hatari kwa anayepewa dawa ya usingizi. Vipimo vya moyo, vya upungufu wa damu na vitamini, na kamera ya kutazama tumboni kwa ajili ya vidonda na bakteria wake, vyote vina sababu ya namna hiyo. Vipimo vya damu vya mwanzo waulize wataalamu wako kama watakubali uvifanye Ifakara, ili kupunguza safari. Na kama una bima, ipeleke karatasi hiyo kwa wahusika wa bima kabla ya kuuza gunia jingine. Usisubiri dirisha la malipo likupe jibu.

Kuhusu mshauri wa saikolojia, umeandika kuwa wewe si mwendawazimu. Hakuna aliyesema hivyo. Anachotaka kujua ni kama unakula kwa njaa au kwa huzuni, maana upasuaji unaukata mfuko wa tumbo, hauikati huzuni. Umesema unene ulianza mwaka uliofiwa na mtoto. Mwambie na yeye hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi.

Yapo mambo ambayo nadhani hukuambiwa, au uliambiwa haraka. La kwanza ni uzazi. Baada ya upasuaji madaktari hutaka mwanamke asishike mimba kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa sababu mwili unapungua kwa kasi na mtoto atakosa virutubisho. Wakati huo huo kupungua uzito hurudisha uwezo wa kushika mimba kwa wengi waliodhani wameshafunga. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinaweza visifyonzwe vizuri, na vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda wakati wa upasuaji, hivyo husimamishwa mapema. Hili ni la kuafikiana mume na mke kabla, na njia mbadala ipatikane kliniki kabla ya safari.

La pili ni sindano ya kuzuia damu isigande miguuni. Ile iitwayo heparini, na jamaa yake enoxaparin, hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Sisemi hivyo ili ukimbie. Wanazuoni wengi wameiruhusu, ama kwa dharura ama kwa kuwa asili yake imegeuka kuwa kitu kingine, na damu iliyoganda ikipanda mapafuni huua. Ipo nayo dawa ya fondaparinux, ambayo hutengenezwa bila mnyama, ingawa haipatikani kila mahali na haimfai kila mgonjwa. Uliza mapema, umuulize na sheikh wako mapema, usije ukabishana na muuguzi saa ya sindano.

La tatu ni swala ya siku ile. Kuchanganya Adhuhuri na Alasiri kwa sababu ya ugonjwa ni suala ambalo maimamu wamehitilafiana. Katika madhehebu ya Shafii kauli mashuhuri hairuhusu, lakini Imamu Nawawi mwenyewe aliiona hoja ya wanaoruhusu kuwa na nguvu. Omba upangwe asubuhi, huenda usiihitaji kabisa. Hina na piko usipake vidoleni, kwa kuwa kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma hewa ya damu kinaweza kudanganyika. Eleza tangu siku ya miadi kuwa ungependa kusitiriwa na kuhudumiwa na wanawake inapowezekana. Ukiomba mapema hupangwa. Ukiomba ukiwa tayari kitandani huonekana ni usumbufu.

Umeuliza pia ni lini. Fikiri kama mkulima. Wakati wa masika barabara zenu mnazijua wenyewe, na mgonjwa aliyetoka hospitali akikwama njiani na kidonda kibichi ni balaa. Kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam peke yake ni takriban kilomita 400. Baada ya mavuno, Julai au Agosti, njia ni kavu, fedha ipo, na hakuna atakayekutazama kwa jicho la kwa nini huendi shamba. Miaka hii Ramadhani inaingia Februari. Ukifanyiwa Julai, itakukuta una miezi 7, na wengi katika madaktari wa fani hii huwazuia wagonjwa wao kufunga kwa miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kupokea maji ya kutosha baina ya futari na daku. Basi weka nia kuwa Ramadhani hiyo huenda ukala na kulipa baadaye, na usimwache mtu akufanye ujione mkosefu. Vitamini za kila siku, hata hivyo, hazina likizo. Ni za umri wote, na bei yake iingizeni kwenye hesabu za nyumba tangu sasa.

Na kuhusu mama mkwe, ambaye umeniomba nikupe namna ya kumficha: sitakupa. Atakuona unanywa maziwa majuma mawili, atakuona umeondoka siku kumi, na atakuona umerudi unakula vijiko vitatu. Akiambiwa na jirani kabla ya wewe, utakuwa umempoteza. Nenda naye jioni moja, wewe na mumeo, mkamwambie, na mumwombe yeye ndiye akae na watoto mtakapokuwa Dar es Salaam.