MABASI YAFUATE WATU, YASIFUATE RAMANI YA MKOLONI



Mji wetu una komini sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Siku za Stanleyville, Mzungu alijiwekea makao yake katikati, penye ofisi na maduka, na Mwafrika akawekwa pembeni. Njia zilipangwa zimlete mtu kazini asubuhi na kumrudisha jioni, maana usiku hakuruhusiwa kuonekana katika mtaa wa Wazungu. Uhuru ulipatikana mwaka 1960, jina la mji likageuzwa mwaka 1966, lakini safari zetu zingali zavutwa kuelekea palepale katikati.

Wakubwa wakisema habari ya mabasi, hutaja hesabu ya magari tu. Sisi twauliza: yatapita wapi, na yatapita mara ngapi? Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme mji una mabasi sita, na kila moja humaliza mzunguko kwa saa moja. Yakiwekwa yote katika njia moja, basi hupita kila dakika 10. Yakigawanywa katika njia tatu ili kila mkubwa aone basi mlangoni pake, basi hupita kila dakika 30. Magari ni yaleyale, lakini mfanyakazi anangoja mara tatu zaidi. Nasi wa migodini twajua kengele ya zamu haimngoji mtu, na dakika zilizopotea njiani hukatwa katika mshahara.

Kwa hiyo twataka njia chache, zilizonyoka, zenye basi la mara kwa mara. Njia moja itoke Mangobo mpaka Kabondo bila kumshusha abiria katikati na kumlipisha tena. Vijana wa toleka na wa pikipiki wasifukuzwe: hao ndio waliotubeba basi lilipokosekana, na ndio watakaowaleta watu kutoka vichochoroni mpaka kituoni.

Tena tusisahau Lubunga. Huko ng'ambo ndiko inakoanzia reli ya Ubundu, kilometa 125, lakini mwananchi wa huko hulipa mtumbwi kwanza, ndipo alipe gari. Kituo cha basi na kiwekwe pale pale penye gati, na tikiti moja ivushe mto na kumfikisha mtu kazini au sokoni.

Wengine watasema nauli na njia ni mambo madogo. Mwaka 1957, watu wa Alexandra, karibu na Johannesburg, walipoongezewa nauli kutoka peni 4 hadi 5, walikataa kupanda mabasi, wakatembea kwa miguu kwenda kazini miezi kadhaa, mpaka nauli ya peni 4 ikarudishwa. Peni moja haikuwa ndogo kwa mtu aliyeilipa kila siku.

Basi, kabla ya gari moja kununuliwa, wakubwa wa mji na wa mkoa waje kwanza mitaani, komini kwa komini, waulize watu watoka saa ngapi na waenda wapi. Majibu yaandikwe, yabandikwe hadharani, ndipo njia zichorwe. Nanyi, ndugu, siku hiyo msikae nyumbani. Semeni saa yenu ya zamu, semeni njia yenu. Asiyesema atachorewa na mwingine, kama zamani.