Mtoto Mkimbiaji Asiharakishwe

Mara nyingi mtoto wa miaka 12 au 13 huwashinda wenzake wote katika mashindano ya shule. Tangu siku hiyo baba yake huanza kuhesabu zawadi za fedha, naye mwalimu humwamuru akimbie maili nyingi kila siku pamoja na watu wazima. Wote wawili wamtakia mema, lakini huenda wakamharibu.

Mifupa ya mtoto haijakomaa. Karibu na ncha za mifupa mirefu mna tabaka laini ambalo ndilo lirefushalo mfupa, nalo haligeuki kuwa gumu mpaka ujana ukaribie kwisha. Kwa wasichana ni mapema kuliko kwa wavulana. Mahali hapo huumia upesi kwa kazi ya namna moja irudiwayo bila mapumziko. Basi mtoto anayelalamika maumivu ya kisigino, au ya mfupa ulio chini ya goti, asiitwe mvivu. Apumzishwe, na maumivu yakiendelea apelekwe kwa daktari. Hakuna mkulima mwenye akili amfungaye ndama nira, hata akijua kwamba atakuwa maksai hodari.

Wengine watajibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli, lakini kukunja si kuvunja. Utoto ni wakati wa kujifunza mambo mengi: kuruka, kurusha, kucheza mpira na kukimbia mbio fupi. Baadaye mazoezi yaongezwe kidogo kidogo, pamoja na maziwa, maharagwe, mboga, usingizi wa kutosha na siku ya kupumzika kila juma.

Eliud Kipchoge wa Nandi alishinda mbio za mita 5,000 za dunia mjini Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Hata hivyo hakukimbia marathoni mpaka mwaka 2013, baada ya kukosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya mwaka 2012. Mwalimu wake Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1992, alikuwa naye miaka hiyo yote. Mwaka 2018, mjini Berlin, Kipchoge aliweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Alikuwa na miaka 33.

Mtoto aliyechoshwa na kuumizwa akiwa na miaka 15 hafiki huko. Yafaa wazazi na waalimu wakubaliane mapema ni siku ngapi atakimbia, na ni siku ngapi ataachwa acheze.